Gari na mashine kutoka nje: maswali tunayoulizwa kila siku garajini, Lubumbashi

Garaji yetu iko Kampemba. Tunatengeneza magari madogo, Hiace za abiria na Land Cruiser za watu wa migodini, na mara kwa mara mtu hutuletea jenereta au injini ya kinu cha mahindi. Karibu vyote vimeingia kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Maswali tunayoulizwa ni yale yale, na mengi huulizwa pesa zikiwa zimeshatoka mfukoni. Nayajibu hapa ili mtu ayasome kabla hajalipa.

Fundi, gari la wapi ni zuri: la Japani, la Bulaya, la Dubai au la Uchina?

Jina la nchi halitoshi. Mimi kwanza nauliza: kitu hiki kilitengenezewa kazi gani, barabara gani na mafuta gani? Gari linaweza kuwa zima kabisa kule Osaka, likafika hapa likafa kabla ya mwaka kuisha, na wala halikuwa bovu. Hakuna aliyelitengeneza akiifikiria njia ya Kasenga wala mazuti (dizeli) yaliyokaa kwenye pipa.

Japani ukaguzi wa magari ni mkali. Gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi wenyewe ni ghali. Ndiyo maana wengi huuza gari likiwa bado na nguvu. Kutoka huko tunapata Toyota Ist na RAV4 ambazo ukifungua kifuniko cha moteri unakuta ndani bado pasafi. Lakini gomu za chini (mipira ya viungo vya magurudumu) ni laini, zilifanywa kwa lami iliyonyooka, na hapa hupasuka upesi. Usiilaumu Japani kwa hilo. Weka pesa ya gomu kando siku ile ile unayonunua gari.

Magari ya Bulaya, kasoro yao kubwa iko chini. Wakati wa baridi kule humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na chumvi hula chuma. Linyanyue gari, gonga fremu kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya bati lililooza. La Dubai halina kutu, ila jua limekausha mipira yote ya maji na ya mafuta, na mchanga umeingia kila mahali. Tena masoko ya Sharjah hupokea magari mengi yaliyopata ajali Marekani, yakanyooshwa na kupakwa rangi upya. Vya Uchina sivichanganyi pamoja: kuna kamyo zao zinazobeba shaba kila siku bila kelele, na kuna vitu nisivyomshauri mtu kuvinunua. Swali lao ni pyesi (vipuri). Kama sensa (kihisio) ya gari hilo haipatikani mjini, gari litalala.

Mwezi Oktoba 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu biashara hii. Kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi zaidi, kama asilimia 40. Waholanzi walipoyakagua yale yanayopita bandarini kwao kuja huku, mengi hayakuwa na cheti halali cha ukaguzi. Basi yule anayekuuzia akikwambia "hili ni la Bulaya", hajakwambia lolote bado.

Kilomita zilizo kwenye dashibodi ni za kweli?

Wakati mwingine. Mimi huziangalia mwisho. Kwanza naangalia mpira wa pedali ya freni, ngozi ya volan (usukani) upande wa juu, na ukingo wa kiti cha dereva pale anapotelezea kushuka. Gari la kilomita 60,000 halina pedali iliyolika hadi chuma.

Halafu naomba karatasi. Hati inayoruhusu gari litoke Japani huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho. Ikiwa hati inasema 148,000 na dashibodi inasema 79,000, mazungumzo yameisha. Karatasi ya mnada, pale gari lilipouzwa Japani, nayo ina alama: 4 au 4.5 ni gari zuri, na herufi R maana yake limewahi kugongwa sehemu ya mwili inayobeba gari, likatengenezwa. R si lazima ulikatae, ila usilipe bei ya 4.5. Mwagizaji akikwambia karatasi imepotea, jiulize imepotea kwa faida ya nani.

Kwa gari la Marekani, kumbuka dashibodi inahesabu maili. Maili 100,000 ni kilomita 160,000 na zaidi.

Nitajuaje kama gari lilizama kwenye maji?

Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Muuzaji huosha kapeti, huosha viti, hutia manukato, lakini ni wachache wanaokumbuka ile sehemu ya mkanda inayokaa ndani ya nguzo. Ukiona mstari wa tope au madoa ya ukungu pale, umepata jibu. Baadaye angalia skrubu zinazoshika viti kwa chini, shimo la gurudumu la akiba, na fyuzi: shaba yake ikiwa ya kijani, maji yamepita.

Haya si mambo ya kufikirika. Mafuriko ya Harvey kule Texas mwaka 2017 yaliharibu magari mengi sana, na mvua ya tarehe 16 Aprili 2024 ilizamisha magari barabarani Dubai na Sharjah. Magari ya namna hiyo hayatupwi yote. Hukaushwa, na umeme wake huanza kuharibika miezi baadaye, yakiwa tayari mikononi mwa mtu mwingine.

Volan ya kulia ina shida gani? Si tunazoea tu?

Dereva anazoea. Barabara haizoei.

Sisi tunaendesha kulia, Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto. Ukiwa na volan ya kulia nyuma ya kamyo kwenye njia ya Likasi, huoni kinachokuja mpaka gari zima limetoka nje ya mstari. Hilo kila mtu analijua. Mambo mawili watu hawayatazami.

La kwanza ni taa. Taa za gari la Japani, zikiwa zimeinamishwa, hurusha mwanga zaidi upande wa kushoto, kwa sababu kwao kushoto ndiko kwenye ukingo wa njia. Hapa kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Kila usiku unamtia upofu bila kujua. Dawa yake ni kufunga taa za toleo la volan ya kushoto la gari hilo hilo. Kuzishusha kwa skrubu tu kunakupunguzia wewe njia, na yeye bado unamchoma.

La pili linaniuma zaidi. Hiace ya Japani ina mlango wa abiria upande wa kushoto. Kule mlango unafungukia kwenye ukingo wa njia. Hapa unafungukia katikati ya barabara. Simama kituoni asubuhi uangalie: mama ana mtoto mgongoni na beseni mkononi, anashuka kwa kurudi nyuma, na pikipiki inapita kwenye nafasi ile ile anayokanyaga. Konvwaya (kondakta) mzuri hushuka kwanza akasimamisha pikipiki kwa mkono. Konvwaya wa haraka hafanyi hivyo. Kama unataka Hiace ya kubeba watu, tafuta ile iliyotengenezwa na mlango kulia tangu kiwandani. Ni ghali zaidi, najua. Inunue hiyo.

Basi nihamishieni volan kuja kushoto.

Tukipata rake ya volan (mtambo unaogeuza magurudumu), nguzo yake na pedali kutoka toleo la volan ya kushoto la modeli ile ile, na ukuta wa mbele una nafasi zake toka kiwandani, tunafanya. Kukata nguzo ya volan na kuichomelea, hatufanyi, hata ukileta pesa mara mbili. Chomeleo lile likikatika, hakuna cha kumshikia gari dereva.

Land Cruiser ya zamani au mpya, ipi inafaa kwa njia za huku?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanapoteza pesa nyingi.

Ile moteri ya mazuti ya Land Cruiser ya zamani, 1HZ, silinda 6, lita 4.2, bila turbo, ilianza kutoka mwaka 1990 na bado tunaifungua kila mwezi. Pampu yake ni ya chuma na chemchemi, hakuna kompyuta. Enjekta zake hufunguka kwa karibu bar 150. Mazuti yakiwa na uchafu kidogo itakohoa, itatoa moshi, na utafika nyumbani. Haina mbio, na hapa Lubumbashi tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo moteri isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mtu akija kulalamika kwamba Land Cruiser yake haipandi kama ya shemeji yake aliye Dar es Salaam, mara nyingi hakuna ugonjwa.

Moteri mpya za mazuti zina nguvu na hula kidogo. Lakini enjekta zao zinaendeshwa na kompyuta na hufanya kazi kwa bar 1,600, nyingine hupita 2,000. Kwa shinikizo hilo, vumbi usiloliona kwa jicho hukata chuma, na tone la maji huharibu ncha ya enjekta. Zile zilizotoka Bulaya zina na filtri ya masizi kwenye ekzozi. Tangu 2009 mazuti ya Ulaya hayaruhusiwi kuzidi sehemu 10 za salfa kwa milioni, na filtri ile ilipangiwa mazuti hayo. Tena hujisafisha gari likikimbia muda mrefu moteri ikiwa na joto. Mtu wa hapa anatoka mtaa wa Golf hadi mjini, anasimama, anarudi. Filtri inaziba, taa inawaka, gari linakataa kuvuta.

Kwa hiyo: kama unakwenda migodini na porini, na unajaza popote unapoishiwa, chukua ya zamani. Kama unajaza kwenye kituo kimoja unachokiamini, chukua mpya, ila badilisha filtri ya mazuti mapema kuliko kitabu kinavyosema na umwage maji ya chini ya filtri kila wiki.

Neno moja juu ya 1HZ, maana wengi hudhani haina: ina mkanda wa taimingi. Taa iliyoandikwa T-BELT ikiwaka kwenye dashibodi, gari linakuomba mkanda mpya. Nimekuta taa hiyo imetolewa balbu kabla ya gari kuuzwa. Ukinunua ya okazi (iliyokwisha kutumika), badilisha mkanda hata kama umeambiwa ni mpya. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni.

Je, nitoe termostati (kifaa kinachozuia maji ya radiata hadi moteri ipate joto) kwa kuwa nchi yetu ina joto?

Hapana. Moteri inataka joto lake, si baridi. Bila termostati inakula esansi (petroli) zaidi na kujaza masizi, na asubuhi za Juni hapa kwetu wala hazina joto. Gari likichemka, tafuta sababu: radiata iliyoziba, feni, au maji ya kisima yaliyojaza magamba ndani.

Mfuko wa hewa (airbag) ulio kwenye volan, unaweza kunidhuru?

Baadhi unaweza kuua. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ambayo baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Gari likigonga, kasha la chuma hupasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva. Mifuko ipatayo milioni 100 iliitwa irudishwe duniani kote, ikiwemo ya Toyota, Honda na Nissan, na kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Mwaka 2018 Japani ilianza kuyanyima ukaguzi magari ambayo mifuko yao mibaya haijabadilishwa. Gari lisilopata ukaguzi huuzwa, na sisi ni wanunuzi.

Chukua namba ya chesi, uiweke kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa kuangalia marejesho, au uje nayo tukuangalizie. Hatutozi kitu kwa kazi hiyo.

Pine (tairi) za okazi zinafaa?

Soma ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya DOT. 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ikipita miaka 6 mimi siiweki kwenye gari linalokwenda Kolwezi. Ikiwa na alama ya mlima na chembe ya theluji ni pine ya baridi ya Bulaya: mpira wake ni laini na lami yetu itaimaliza upesi.

Pyesi: niweke ya kiwanda, ya kuiga, au ya okazi?

Inategemea inashika nini. Kioo, mlango, taa, hata bwate ya gia, ya okazi kutoka gari lililokatwa inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei rahisi. Lakini freni, viungo vya volan na mikanda, usininunulie vilivyotumika.

Za kuiga ziko za aina mbili. Kuna kiwanda kinachotengeneza pyesi na kuweka jina lake chenyewe. Baadhi ya hizo ni nzuri kabisa. Na kuna zile zenye jina la mwingine kwenye boksi, na hizo ni wizi. Filtri ya oili ya namna hiyo niliifungua juzi mbele ya mteja: karatasi ilikuwa na mikunjo michache, haikugandishwa pembeni, oili chafu ilikuwa inapita kando yake. Kwa nje ilikuwa na rangi, namba na hata kibandiko kinachong'aa. Bearing ipime mkononi pamoja na ile ya zamani: ya uongo mara nyingi ni nyepesi, na maandishi yake yanafutika kwa kucha.

Nilinunua jenereta ya kVA 5, mbona haiwashi friza mbili?

Kwanza hesabu. kVA 5 si kilowati 5. Zidisha kwa 0.8, unapata 4. Kisha friza wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida. Na namba kubwa iliyobandikwa kwa nje mara nyingi ni ile inayoweza kuitoa kwa dakika chache tu. Ya kazi ya siku nzima imeandikwa kwa herufi ndogo, ikiwa imeandikwa.

Lakini kuna jambo jingine. Mama mmoja anayeuza samaki wa baridi Katuba alituletea ya kwake, mpya, imeungua baada ya muda mfupi. Tulifungua kifuniko cha nyuma. Koili zilikuwa na rangi nzuri ya shaba, zinang'aa. Nilikwangua kwa kisu, vanishi ikatoka, na chini yake chuma kilikuwa cheupe. Alumini, imepakwa rangi ya shaba.

Alumini si dhambi. Hupitisha umeme kwa shida zaidi ya shaba, mara 1.6 hivi, kwa hiyo inataka waya mnene zaidi na nafasi kubwa zaidi. Mtengenezaji anayesema wazi na kunenepesha waya, jenereta yake itaishi. Anayeweka waya ule ule mwembamba na kuupaka rangi anajua anachofanya. Na inaniuma kwamba tunauziwa kitu hicho hapa, mji uliomimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911, katika nchi ya pili duniani kwa kuchimba shaba. Kamyo za shaba zinatoka Kasumbalesa, na koili za alumini zinaingia kwa mlango huo huo.

Kabla ya kununua, inyanyue. Shaba ina uzito zaidi ya mara tatu wa alumini, na jenereta mbili za ukubwa mmoja hutofautiana mkononi. Muulize muuzaji kama anakuruhusu ukwangue koili mahali padogo. Akikataa, nenda duka la pili.

Mashine za okazi za Japani ni imara. Kwa nini yangu iliungua siku ya kwanza?

Kwa sababu umeme wa nyumbani Japani ni volti 100, na wetu ni 220. Mashine ya kuchomelea, kompresa, hata redio ya nyumbani iliyotolewa dukani kwao, soma kibati kabla ya kuchomeka. Za fezi tatu kwao ni volti 200, hapa ni 380. Nunua transfoma pamoja na mashine, siku moja.

Angalia pia hezi. Sisi tuna 50. Marekani ni 60, na Japani yenyewe mashariki ni 50, magharibi ni 60. Jenereta kubwa ya 60 kwa kawaida huzunguka mara 1,800 kwa dakika. Ukiishusha hadi 1,500 upate 50, nguvu inapungua kama sehemu moja ya sita, na volti lazima zirekebishwe.

Injini ya kinu: ya Uchina au ya India?

Kwa kinu kidogo cha mtaani, S195 ya Uchina, silinda moja, nguvu farasi kama 12, inafaa. Mvuke ukitoka kwenye tangi lake la maji usiogope, ndivyo inavyojipoza. Kazi yako ni kuongeza maji. Pyesi zake ziko kila soko. Ila kaza bolti zote kabla ya kuiwasha, na umwage oili ya kwanza baada ya saa chache, utaona chembe za chuma.

Ile ya India yenye magurudumu mazito mawili, mfano wa Lister wa Uingereza, inazunguka mara 650 tu kwa dakika na inaweza kumfikia mjukuu wako. Lakini usiiwashe ikitoka kwenye boksi. Fungua kifuniko cha chini, pitisha kitambaa chenye mazuti. Mara nyingi unakuta mchanga wa kalibu ya kiwandani bado umeshika kwenye kuta. Mchanga huo ukiingia kwenye oili, bearing zimekwisha kabla hujasaga gunia la mia. Siku moja ya kusafisha, na mashine ni nyingine kabisa.

Gari limefika, nimeshalipa. Nianze na nini?

Kumbuka limeendeshwa karibu kilomita 2,000 kutoka Dar es Salaam, kupitia Tunduma na Zambia nzima, na dereva asiyelijua, anayekimbilia safari nyingine. Kabla ya kulisifu kwa jirani, lilete likiwa baridi. Tunamwaga oili ya moteri na tunaitazama: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo umempigia simu aliyekuuzia kabla gari halijatembea mjini.

Ikiwa safi, tunabadilisha oili, filtri zote tatu, maji ya radiata na maji ya freni, kwa sababu maji ya freni hunyonya unyevu na huchemka mapema. Oili ya bwate otomatiki usiiguse kabla ya kusoma kitabu; bwate moja inataka oili ya aina ya WS, nyingine T-IV, na ya mkanda inataka yake yenyewe. Filtri ya hewa wakati wa kiangazi, kuanzia Mei, ipulizwe kila mara ukitoka njia ya vumbi, maana vumbi letu jekundu ni laini na hupenya. Halafu njoo tena baada ya kilomita 1,000, tukaze chini yote.